Nusu ya Wimbo Iko Ng'ambo

Emmaculate Apeduno, mama mkwe wangu, hajawahi kuanzisha wimbo kanisani kabla ya kugombana na mtu. Atagombana na mpiga ngoma, ati ameikaza ngozi mpaka inalia kama debe. Atagombana na wasichana wa sauti ya kwanza, ati wamekunywa soda baridi njiani. Siku nyingine anagombana na mimi, na mimi kwaya hata siko. Sauti yangu watu wa Malaba wanaijua kwa kuita madereva wa malori waje wanywe chai na chapati. Akishamaliza, anavuta kitambaa cha kichwa, anakohoa kidogo, kisha anaimba. Hapo unasahau yote aliyosema, hata kama ni wewe alikuwa anakusema.

Nimekaa naye tangu Victor aliponitoa kwetu Nambale. Wakati ule watu waliniogopesha sana. Unaolewa kwa Wateso, wewe Mkhayo wa ugali wa mahindi, utaweza atap? Atap ni ule ugali wao wa wimbi na muhogo, mzito, unaousonga mpaka jasho linakutoka mgongoni. Basi siku ya kwanza akanipa mwiko, akakaa kando kwenye kigoda, akanitazama. Nilipopakua alibonyeza kwa kidole, akaniambia taratibu, "Mercyline, huu ni uji umesimama." Nilicheka, naye akacheka, tukacheka mpaka Victor akaja kuuliza kuna nini jikoni. Tangu siku ile tumegombana na kucheka, na sijui ni kipi kimezidi.

Boma letu liko chini ya barabara kuu, upande wa mto. Huko juu malori yanapanga foleni kungoja kuvuka Uganda, huku chini ni mihogo, wimbi na ng'ombe wawili watatu. Enzi zile, kabla sijafungua kibanda changu cha chai, nilikuwa naamka na kumkuta tayari amesimama kwenye kona ya jiko, amegeukia mtoni. Anaimba mstari mmoja tu, kwa Kiteso. Maana yake kwa Kiswahili ni kama, "Asante Mungu, jua limenikuta." Kisha ananyamaza. Anainamisha kichwa upande mmoja, anasubiri kwa muda ambao mtu anaweza kupuliza moto mpaka ukashika. Halafu anachukua ndoo yake na kwenda zake. Mimi bibi harusi mgeni nilijiambia, haya, nimeolewa kwa mtu ambaye mama yake anaanza nyimbo hamalizi. Kila nyumba ina mambo yake.

Baadaye nikagundua kwamba mstari ule ule ndio ulioanza wimbo mkubwa wa kigango chetu. Jamani, wimbo ule! Watu walikuwa wanatoka Amagoro kuja kuusikia. Tata Apeduno, maana kanisani wote humwita tata, yaani nyanya, alikuwa anaanza peke yake: "Asante Mungu, jua limenikuta." Kisha kimya. Kanisa lote, kimya. Halafu ngoma inaingia, kayamba zinafuata, na kwaya inashukuru kwa maji, kwa wimbi, kwa watoto, kwa miguu iliyotufikisha.

Kile kimya cha katikati ndicho watu walikipenda kupita wimbo wenyewe. Kanisa lilikuwa la udongo bado, sakafu tunainyunyizia maji asubuhi ili vumbi litulie, na harufu yake mpaka leo nikiisikia mahali nasimama niinuse. Katika kimya kile ungesikia ndege kwenye paa, na lori moja mbali likibadilisha gia. Hata watoto waliokuwa wananyonya walikuwa wanaachia titi kidogo na kusikiliza. Haki ya Mungu, siku hizi tuna sakafu ya vigae na spika mbili kubwa, lakini mimi ningerudi kwenye udongo ule leo leo kama kungekuwa na njia.

Na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mzee Echodu, katekista wetu, alifundisha kwamba hapo tunamngoja Bwana. Sista mmoja mgeni akasema ni kimya cha Mama Maria alipopata habari kwa malaika. Frateri fulani kijana, miwani puani, akatuambia ni fumbo la Utatu, na akaeleza mpaka supu ya mapokezi ikapoa. Tata alikuwa anawasikiliza wote na kujikuna mkono. Mimi nilifikiri ni unyenyekevu. Kumbe wapi.

Basi mwaka huu kigango kikawa kinajiandaa kwa jubilei, na tukapata mwalimu mpya wa kwaya, Barasa. Kijana mzuri, anajua kazi, tatizo lake ni kinanda. Akiona pengo hata la kupumua, lazima alijaze. Alitaka siku ya jubilei wimbo wetu urekodiwe video, uwekwe kwenye simu za watu mpaka Ulaya. Siku ya mazoezi nilikuwa nimepeleka chai ya kwaya, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu. Tata akaimba mstari wa kwanza, akanyamaza, na Barasa akaporomosha vidole, turururu-turururu, mpaka mwisho wa pengo.

Tata akageuka. "Hapo usipige."

"Tata, nimeweka madoido kidogo tu."

"Nimesema hapo usipige kitu."

"Lakini Tata, kwa video watu watafikiri stima imepotea!"

Kwaya ikacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, nisidanganye. Tata hakucheka. Aliokota mkoba wake chini ya benchi, akatoka nje, na sijawahi kumwona akitembea haraka hivyo tangu mbuzi wa jirani aingie kwenye wimbi. Nikaacha vikombe vyote pale, nikamkimbilia.

Nilimfikia kwenye njia ya kushuka nyumbani. Nikamwambia, "Mama, Barasa ni mtoto, usimweke moyoni."

"Sina hasira na Barasa. Yeye atajuaje? Hata wewe umekaa kwangu miaka yote hii na hujaniuliza nasubiri nini."

Nikamwambia basi nauliza leo. Tukakaa kwenye gogo, na mama mkwe wangu akanieleza. Nitaeleza kama alivyoeleza, maana kila kitu kilichofuata kilitoka hapo.

Yeye na dada yake mdogo, Among, walizaliwa ng'ambo, upande wa Uganda, kwenye boma ambalo ukisimama mtoni huku ulikuwa unaliona. Mama yao alikuwa na watoto wengi na taa hakuwa nayo. Kwa hiyo alfajiri, kabla hajatoka kwenda shambani, alikuwa anawahesabu kwa wimbo. Anaimba gizani, "Asante Mungu, jua limenikuta," kisha ananyamaza. Kila mtoto alipolala anaitika kwa zamu, mkubwa mpaka mdogo: "Na mimi, Mungu, limenikuta." Sauti zikitimia, mama anashika jembe. Hapo ndipo wimbo ulipotoka. Haukutoka kwa padri wala kwenye kitabu. Ulikuwa wa mama anayetaka kujua kama watoto wake wote wameamka.

"Na mtu haruhusiwi kumwitikia mwenzake," Tata akasema. "Hata kama amelala fofofo. Unamtikisa aamke, aitike mwenyewe."

Nikauliza kwa nini.

"Kuna mwaka surua iliingia. Kaka yetu mdogo alikuwa mgonjwa. Asubuhi mama akaimba, sisi tukaitika, ikafika zamu yake, kimya. Mama akasubiri. Akasubiri sana. Kisha mama mwenyewe akaimba ile sehemu ya mtoto: na mimi, Mungu, limenikuta. Mara moja tu. Ndiyo namna tulijua. Kwetu sehemu ya mtu haiimbwi na mwingine, ila siku hiyo."

Nilimsogelea pale kwenye gogo.

Akaendelea. Yeye akaolewa huku Kenya, Among akaolewa kule kule, na mumewe wakajenga jirani na baba yao. Mto wenyewe si bahari. Jiwe ukirusha linafika. Walikuwa wanakutana majini, kila mmoja na karai lake la mihogo ya kuloweka, wanapiga umbea mpaka wanaume wanalalamika njaa. Halafu vita vikaingia kule ng'ambo. Daraja likafungwa, wanajeshi kila mahali, usiku milio ya bunduki inafika mpaka huku. Baba yake Victor akamkataza kukanyaga maji. Basi asubuhi akashuka mpaka ukingoni, akaimba sehemu ya mama yao, akanyamaza. Na sauti ya Among ikatoka kwenye matete ng'ambo: na mimi, Mungu, limenikuta.

"Nilipiga magoti kwenye matope," Tata akaniambia. "Hapo ndipo nilijua kushukuru ni nini. Kabla ya siku ile nilikuwa nasema tu asante kama mtu aliyepewa chumvi."

Ikawa kila siku. Kuna wakati asubuhi kadhaa zilipita bila jibu. Watu wa boma wakamwambia Apeduno, mwimbie dada yako sehemu yake, umlilie, yaishe. Akakataa kata kata. Alishuka, akaimba yake, akasubiri, akapanda. Mpaka asubuhi moja sauti ikaja, nyembamba, imekauka, lakini ni yeye. Walikuwa wamejificha kwa wakwe zake huko ndani.

Vita vilipoisha Among alihamia huko kwa wakwe, kupita Tororo, na sauti haikufika tena. Lakini Apeduno hakuacha. Kila asubuhi anaimba na kusubiri, na anajua kwamba huko aliko, Among naye anaitika, hata kama hamsikii. Walipatana hivyo.

"Na kanisani ulifikaje huu wimbo?" nikauliza.

Hapo akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Echodu! Alikuja kununua mbegu ya wimbi, akanikuta naimba nikimenya mihogo. Akasema, huu wimbo wa sifa ni mzuri, nipe tupeleke kanisani. Nikampa sehemu yangu. Ya Among ningempaje, ni yangu? Akaniuliza, hapo unanyamaza nini? Nikamwambia, nasubiri. Akasema, aah, unamsubiri Bwana! Akaenda."

Wee! Nilicheka nikashika mbavu. Kumbe kimya chote kile cha Mama Maria na Utatu ni pengo la Among. Miaka yote hii kigango kizima tumekuwa tunaimba nusu ya wimbo, na tunalia machozi, na hatujui kwamba nusu nyingine iko ng'ambo.

Nilimweleza Barasa jioni ile. Ungedhani nimemwambia kuna dhahabu imefukiwa nyuma ya sakristia. Akaja nyumbani mbio, akaketi mbele ya Tata, mikono imekunjwa kwa adabu. "Tata, nisamehe kwa kinanda. Lakini si utuimbie tu hiyo sehemu nyingine, tuikamilishe?"

"Unataka nimzike dada yangu ndiyo video yako iwe tamu?"

Barasa akasema jambo la maana, na kwa hilo nilimsamehe mengi. "Basi dada yako aje aimbe mwenyewe. Siku ya jubilei. Tutamwekea kiti."

Nilimtazama Tata. Uso wake, sijui nisemeje, ulirudi usichanani. "Among aje huku?" akasema. "Hatujaimba pamoja tangu mto." Tangu siku ile hakuzungumza jambo lingine. Kama kuna kitu alikitaka katika uzee wake, si nyumba, si ng'ombe, ni kuimba mstari wake wa kwanza na kusikia wa pili ukijibiwa na mwenye nao.

Yeye miguu haimruhusu safari, kwa hiyo nikaenda mimi. Niliacha kibanda kwa Vivian, binti yangu, nikavuka daraja la Malaba na kitambulisho mkononi, nikapanda boda boda mbili kufika. Eriaku, mtoto wa Among, alinipokea mlangoni. "Yoga, nyabo, karibu," akanisalimu, halafu akasema chini chini, "Mama kifua kinamsumbua. Usimchoshe."

Nilimkuta Among kitandani, mdogo, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka tulipokutana kwenye matanga ya jamaa, lakini macho yale yale ya ukoo, ya kugombana. Nikamweleza habari ya jubilei, ya Echodu na Bwana anayengojwa. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na Eriaku akanikata jicho.

"Huku kwetu ni mbaya zaidi," akasema akishapumua. "Katekista wetu alinisikia mimi naitika, akachukua sehemu yangu. Kwa hiyo sisi wimbo tunauanza na 'na mimi'. Padri mmoja akasimama akauliza, 'Na mimi na nani?' Watu wakamwambia, na malaika!"

Tulicheka wote watatu. Makanisa mawili, kila moja na nusu yake, na kila moja linajivuna. Nikamwomba anifundishe sauti yake ilivyokuwa, angalau nimpelekee Tata salamu. Akanitikisia kidole.

"Aa-aa. Hiyo nitaileta mwenyewe. Eriaku atanibeba kwa gari. Mwambie Apeduno anisubiri. Nikichelewa, anisubiri tu. Na asithubutu kujiitikia, nitamchapa."

Nilirudi na maneno hayo mdomoni kama mtu aliyebeba mayai. Tata alinifanya niyarudie. Alinifanya niige na kile kidole. Kisha kazi ikaanza, na wacha nikuambie, tulikoma. Kitanda cha wageni kilianikwa juani. Chandarua kipya kilinunuliwa. Wimbi lilipepetwa na kurudiwa kupepetwa, maana Among akiwa msichana alikuwa anatema mchanga kwa kelele ili aibishe mpishi. Tata aligombana na Victor juu ya rangi ya mlango, akagombana na kuku, akagombana na mimi kwa sababu napumua karibu na unga. Alikuwa na furaha isiyo na mfano. Asubuhi alikuwa anaimba mstari wake pale konani kwa sauti ya juu kabisa, kama anayemwonya mtu ng'ambo ajiandae.

Siku ya jubilei ikafika. Hema nje, wageni, akina mama wa vitenge vya sare, harufu ya pilau kutoka nyuma. Barasa alikuwa amefunga kinanda na kukifunika kitambaa mpaka wimbo ule upite. Alikuwa ameweka viti viwili mbele, kimoja huku kimoja kule, njia ya katikati ikiwa wazi. "Hiyo njia ndiyo mto," akanieleza, mwenyewe akijisikia. Nilitaka kumcheka lakini nikaona machozi yananikaribia, nikaenda kuhesabu sahani.

Muda wa misa ulikuwa unakaribia na gari la Eriaku halijaonekana. Nilikuwa naangalia barabara kila mara. Nikiwa pale nikamwona Tata nyuma ya kanisa, simu sikioni, amenipa mgongo. Hakusema mengi. Alipogeuka alikuwa anaifunga simu ndani ya leso, fundo moja, fundo la pili.

"Mama, wako njiani?"

Alinirekebisha kola ya gauni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Twende ndani. Misa inaanza."

Nikajiambia, basi wako njiani, watatukuta ndani. Foleni ya malori leo ni ndefu. Nikakaa benchi la akina mama, jicho moja mlangoni.

Wakati wa wimbo ulipofika Tata akasimama mbele, upande wake. Kiti cha ng'ambo kilikuwa kitupu, na kitambaa cheupe juu yake. Mpiga ngoma akajaribu ngozi kwa vidole, na ilikuwa imekazwa, hata mimi nisiyejua kitu nilisikia imekazwa vibaya sana. Nikamngojea Tata amgeukie. Hakumgeukia. Wasichana wa sauti ya kwanza walikuwa wananong'ona. Hakuwaambia kitu. Alivuta kitambaa cha kichwa, akakohoa kidogo.

Hakugombana na mtu.

"Asante Mungu, jua limenikuta."

Kisha akanyamaza, akainamisha kichwa upande mmoja. Kanisa likanyamaza naye. Tulisikia ndege. Tulisikia lori. Muda wa kawaida ukapita, na Barasa akainua macho. Mzee Echodu akakohoa. Simu za kurekodi ziliinuliwa juu, hazitikisiki. Watu wakaanza kugeuka kuangalia mlango, wakifikiri mgeni anaingia kwa madaha, na mimi nikageuka pia, nikaomba, Mungu wangu, acha aingie, hata kwa kubebwa, acha aingie. Tata hakuangalia mlango. Alikuwa anaangalia kile kiti. Alisubiri kuliko nilivyowahi kumwona akisubiri maishani.

Halafu akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya juu, ya msichana.

"Na mimi, Mungu, limenikuta."

Vigelegele! Kanisa lililipuka. Ngoma ikaingia, kayamba, akina mama wakaruka kwenye njia ya katikati wakicheza, wageni wakapiga makofi. Barasa alinishika mabega, macho yamejaa. "Mama Vivian, ametuimbia! Tumepata wimbo wote!" Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia, nikashindwa yote mawili. Nilikaa chini pale pale. Watu mia ngapi sijui walikuwa wanashangilia, na mimi peke yangu ndani ya kanisa lile nilikuwa namlilia Among.

Baada ya misa nilimkuta amekaa nyuma ya jiko la pilau, ameshika sahani ambayo hajagusa. Nikakaa karibu naye.

"Eriaku alisema ni alfajiri," akasema.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ungelia, na kanisa lote lingelia, na wimbo usingeimbwa." Akaigeuza geuza ile sahani. "Alisema akichelewa nimsubiri. Nilimsubiri, Mercyline. Uliona nilivyomsubiri?"

"Niliona, Mama. Ulimsubiri sana."

"Basi hana sababu ya kunichapa."

Tulimzika Among huko kwao. Kwaya yetu ilivuka daraja na sare zake, ikaanza wimbo upande mmoja wa kaburi, na kwaya yao ikaitika upande wa pili na ile "na mimi" yao, na wale wazee wa kule wakatazamana. Tata hakuimba. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono wake kwenye goti la Eriaku.

Tuliporudi, asubuhi kadhaa zilipita bila Tata kusimama pale konani. Nilikuwa naamka, nawasha moto, naangalia kona ya jiko, hayupo. Victor aliniambia mwache, ni mzee, atazoea. Mimi sikuzoea. Nyumba ilikuwa kimya cha aina nyingine, kibaya, na chai yangu ilikuwa inaungua kila siku.

Halafu asubuhi moja nilikuwa nimeinama juu ya sufuria, napuliza moto, majivu yameniingia machoni, nikasikia mlango wake. Nikasikia anakohoa kidogo.

"Asante Mungu, jua limenikuta."

Kimya. Nikaendelea kupuliza. Kimya kikaendelea. Nikainua kichwa kutazama kupitia mlango wa jiko, na Tata hakuwa amegeukia mtoni. Alikuwa amenigeukia mimi, kichwa upande mmoja, anasubiri.

Mimi? Mkhayo wa Nambale, na sauti hii ya kuuza chapati? Nilisimama na mwiko mkononi. Nikaimba kwa Kiteso changu kilichovunjika vunjika, sauti imekwaruza, imepanda pasipopandwa, mpaka kuku wakatawanyika.

"Na mimi, Mungu, limenikuta."

Tata alifuta macho kwa upindo wa leso. Kisha akaokota ndoo yake.

"Umechelewa kuitika," akaniambia. "Na unaimba kama mtu aliyeulizwa kitambulisho. Kesho uamke mapema."